Mama yangu kabandikishwa dole gumba, mwanangu kaandikwa USONJI kwenye kadi. Hii ni ridhaa ya aina gani?

Wakuu, mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la afya. Sitafuti dawa. Nina hasira.

Nauza vitenge hapa Mwanjelwa. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 2, kwa sasa yuko kwa mama yangu Tukuyu. Wiki iliyopita mama alimpeleka kliniki kupima uzito kama kawaida. Pembeni ya mzani akakuta vijana wa mradi fulani wamepanga meza yao, makoti meupe, kishikwambi mkononi. Wakamkalisha, wakamuuliza maswali, wakamchovya kidole kwenye wino, wakampa sabuni mbili za kipande. Haya, bibi, nenda.

Jumamosi nimeenda kumwona mwanangu. Nafungua kadi niangalie uzito, nakutana na kalamu nyekundu: USONJI (autism, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia ya mtoto), na alama ya kuuliza ndogo kama punje ya ulezi. Pembeni namba 3 imezungushiwa duara.

"Mama, hii nini?"

"Si wale watoto wa sabuni."

"Walikwambia wanapima nini?"

"Walisema wanaangalia kama mtoto anakua vizuri. Nikawaambia ee."

Ndani ya kadi kulikuwa na karatasi imekunjwa. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Mama yangu aliishia darasa la nne, na hata Kiswahili anakiongea kwa kukitafuta, maisha yake yote ni Kinyakyusa. Chini kabisa kuna dole gumba lake la zambarau, juu ya mstari unaosema ameelezwa, ameelewa na amekubali kwa hiari. Nilikaa kwenye kigoda nikaliangalia lile dole mpaka chai ikapoa.

Sasa sikilizeni hapa. Shoga yangu ni muuguzi, nikamtumia picha za ile fomu ya maswali. Kumbe ni M-CHAT-R, fomu ya kuchuja dalili za usonji, iko bure mtandaoni, ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Maswali 20 ya ndiyo na hapana. Karibu yote, hapana ndiyo inayohesabiwa alama ya wasiwasi. Isipokuwa matatu, la 2, la 5 na la 12, hayo ndiyo yanahesabiwa ukijibu ndiyo. Umewahi kuhisi huenda mtoto hasikii? Anachezesha vidole karibu na macho kwa namna isiyo ya kawaida? Anakerwa na kelele za kawaida? (Hilo la kelele limetoa mfano wa mashine ya kufyonza vumbi. Tukuyu, jamani! Labda kelele ya jogoo.)

Mmeshaelewa? Mama mtu mzima wa Kinyakyusa, mbele ya koti jeupe, anaulizwa harakaharaka kwa lugha isiyo yake. Anajibu ee, ee, ee kwa heshima mpaka mwisho. Ukisema ndiyo kwa maswali yote 20 unapata alama ngapi? Tatu. Ile ile iliyozungushiwa duara. Na ile ee ya maswali ndiyo ee iliyosainiwa kama ridhaa.

Alama 3 mpaka 7 maana yake unarudi kwa mzazi, unayarudia yale maswali yaliyompa alama, unaomba mifano, ndipo uamue kama mtoto apelekwe kwa mtaalamu. Hata hapo bado hujasema ana usonji. Hawa hawakurudia hata moja. Wamechukua kalamu nyekundu.

Jumatatu nikaacha biashara nikawafuata. Kijana ananijibu huku anachezea simu, "Dada, bibi amesaini." Nikamuuliza, alimweleza kwamba anaweza kukataa na mtoto akapimwa uzito vilevile? Kimya. Majibu yanakwenda wapi, nani anayasoma? "Yako kwenye mfumo." Mfumo wa nani? "Wa mradi."

Sipingi uchunguzi. Mteja wangu mmoja mtoto wake kagundulika ana usonji yuko darasa la kwanza, ameshachapwa miaka miwili kwa "kiburi". Angechunguzwa mapema asingepitia hayo. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za watoto ni nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi kabla hazijachukuliwa. Mimi mzazi nipo hai, namba yangu ya simu iko kwenye jalada la kadi, kupiga ni shilingi ngapi? Wangenieleza kwa Kiswahili ningekubali, na pengine ningekaa nao nusu saa.

Badala yake jirani aliyekuwa kwenye foleni kashasambaza. Mama ameletewa ushauri mtoto akaombewe. Tangu Jumamosi anamwita kila dakika aone kama atageuka, mtoto mwenyewe kachoka kugeuka.

Nimeandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja: nataka nakala ya walichojaza, jina la mwanangu litolewe kwenye huo mfumo, na kadi mpya. Moja naipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya. Mwenye kujua nyingine iende wapi aseme, na kama kuna mzazi wa Rungwe au Kyela alikalishwa kwenye meza hiyo hiyo ajitokeze twende pamoja. Sabuni moja ninayo kwenye mkoba, nitawarudishia. Ya pili mama ameshafulia.