Re: Kuvua na watoto kiangazi hiki (Leicester na jirani)

Kutoka: Baba Wawili, Leicester

Wanajumuiya, salaam.

Shule ziko mbioni kufungwa, na zamu zangu za ghala ni za usiku, kwa hiyo mchana watoto ni wangu. Mmoja ana miaka 9, mwingine 14. Nimewaahidi kuwapeleka kuvua. Kila tukipita kando ya mfereji wa Grand Union wanawaona wazee wa Kizungu wamekaa na fimbo zao, wananiuliza sisi tunangoja nini. Nimekulia Kigoma, kwa hiyo mshipi na ndoana si vigeni kwangu, ila hapa nasikia kuna leseni. Ni ya mtu au ya fimbo? Na kwa joto hili samaki wanakula chambo kweli? Halafu hawa wa hapa mnawapikaje?

Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mzee wa Kirumba, Nottingham

Baba Wawili, karibu kwenye ugonjwa huu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili hurudi kila mwaka na watu hujibiwa nusunusu.

Leseni ni ya mtu. Yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea anayevua kwa fimbo kwenye maji baridi ya England na Wales lazima awe nayo. Wa miaka 9 hahitaji. Wa miaka 14 anahitaji, ila yake ni bure. Bado lazima uichukue kwa jina lake. Ya kwako utalipia, na usijidanganye kwamba utakaa tu pembeni, maana mtoto wa miaka 9 atakukabidhi fimbo ndani ya robo saa. Ipo ya siku moja, ya siku 8 na ya miezi 12. Ingia GOV.UK moja kwa moja. Ukitafuta hivi hivi utaangukia tovuti zinazojifanya za serikali na kukuongezea ada juu. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500, na maofisa wa Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, hupita kweli kandokando ya maji, hasa msimu huu. Katika sheria za uvuvi wana mamlaka kama ya polisi, kwa hiyo akikuomba leseni mwonyeshe kwa adabu, mambo yaishe.

Sasa hapa ndipo wenzetu wengi hunaswa: leseni si ruhusa ya kuvua popote. Kila maji yana mwenyewe. Bwawa ni la mkulima au la klabu, kipande cha mto kina klabu yake, mifereji mingi iko chini ya shirika linaloitunza, Canal & River Trust ambao nao hukodisha vipande kwa klabu. Juu ya leseni unahitaji tiketi ya siku ya maji yale. Kwingine mtu huja kuikusanya ukiwa umeshakaa, kwingine ni marufuku hata kufungua kiti kabla hujalipa. Soma bango la mlangoni. La sivyo pita duka la vifaa vya uvuvi lililo karibu, nunua ndoana za pauni mbili tatu, kisha uliza. Wenye maduka hayo wanajua mengi kuliko intaneti, na hupenda kuulizwa.

Mito hufungwa kwa samaki wengi wa maji baridi tangu 15 Machi hadi 15 Juni, hufunguliwa 16 Juni. Kwa hiyo sasa uko salama. Mifereji na mabwawa mengi hayafungwi kabisa.

Kuhusu kupika: sahau. Hapa samaki anavuliwa, anatazamwa, anarudishwa. Kwenye mito sheria inakuruhusu kwa siku paiki (yule mrefu mwenye meno, mla samaki wenzake) mmoja asiyezidi sentimita 65 na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 wa aina zilizoorodheshwa, lakini mwenye maji akisema hakuna kuchukua, basi hakuna. Bwawani, bila ruhusa ya mwenyewe, kuchukua samaki ni wizi kama wizi mwingine. Mkunga wa mtoni lazima arudi majini, awe mdogo au mkubwa. Tena kapi wa mabwawa yale amenunuliwa kwa pesa nyingi na wengine wamepewa hadi majina. Ukionekana unamtia kwenye mfuko wa plastiki utaitiwa polisi, na kesho yake sote tutatazamwa kwa jicho hilo. Ladha yenyewe wala usiililie. Kapi ni ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Viktoria, na mnaujua mfupa wa ningu.

Joto sasa. Maji yakipata moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huo huo mwili wa samaki unadai nyingi zaidi. Ndiyo maana mchana wa jua kali unawaona kapi wakielea juu kama magogo, chambo kinapita puani hawageuki. Bwawa lenye majani mengi lina siri nyingine: majani hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku, kwa hiyo inakuwa chini kabisa kabla ya mapambazuko. Alfajiri ile kuna ubaridi mtamu lakini samaki hoi. Ngoja jua lipande kidogo. Mtoni ni tofauti, maji yanatembea, na alfajiri ndiyo saa yenyewe. Jioni nayo ni nzuri kote, na Julai jua linazama saa tatu usiku na ushei, kwa hiyo hata ukitoka saa kumi na moja una muda.

Mahali pa kukaa: penye kivuli cha miti, penye majani mapana yanayoelea, upande ambao upepo unasukumia maji, au chini ya kizuizi cha mto pale maji yanapodondoka na kutoa povu. Povu ni hewa. Kwenye mto Trent huku kwetu babeli, yule wa chini mwenye ndevu nne, hukaa hapo hapo kwenye mkondo. Ila babeli hupigana mpaka anaishiwa, na kwenye maji ya moto ukimwachia tu anageuka tumbo juu na kufa. Mshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke mwenyewe. Ikichukua dakika tano, zichukue. Kwa watoto wako nisingeanza na babeli. Anzeni na rochi na pachi wa mferejini, wadogo, wengi, chelezo linazama kila mara na mtoto hachoki. Paiki mwache, klabu nyingi hazitaki atafutwe mpaka Oktoba kwa sababu ya joto hili hili.

Chambo msihangaike. Mahindi matamu ya kopo, ganda la mkate, funza wa dukani. Wenyeji hutumia sana nyama ya kopo, na mara nyingi hiyo ni nguruwe, kwa hiyo wasiotaka kuigusa wajue mapema. Mimi hutumia ugali. Usonge mgumu kuliko wa kula, ponda mahindi ya kopo ndani yake, kanda mpaka ushike ndoana. Kapi hawaulizi. Jambo moja: kwenye joto tupia kidogo kidogo. Chakula kisicholiwa kinaoza chini na kumaliza oksijeni ile ile chache.

Vifaa vya lazima: wavu wa kumpokea samaki, mkeka laini wa kumlaza uliolowanishwa, koleo dogo la kutolea ndoana, na ndoana zisizo na kijino cha nyuma, ambazo mabwawa mengi huzishurutisha. Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Kumlaza kwenye nyasi kavu ili upige picha ndiyo njia ya haraka ya kufukuzwa. Na zile chubwi za risasi, vizito vya kuzamishia mshipi, mlizokuja nazo kwenye masanduku ziacheni ndani. Za uzito wa gramu 0.06 hadi 28.35 zimepigwa marufuku England tangu 1987 kwa sababu bata-maji walikuwa wakizimeza na kufa. Za dukani sasa ni za madini mengine.

Mkiona samaki wengi wanahema juu ya maji, fungasheni na mpige 0800 80 70 60, simu ya Environment Agency ya saa ishirini na nne. Kiangazi cha 2022, joto lilipofika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, kuna mabwawa yaliyofungwa kabisa, na wavuvi wenyewe ndio waliounga mkono.

Kutoka: Mama wa Coventry

Shikamoo Mzee. Nimesoma yote, ahsante, lakini nitasema. Kwetu Lamu samaki hatoboliwi mdomo kwa mchezo. Unavua ule, au umpe jirani ale. Hili la kumtesa, kumpiga picha, kisha kumrudisha na kumwambia kwaheri, mnawafundisha nini watoto? Heri muwapeleke sokoni wakaone samaki aliyekufa kwa sababu.

Kutoka: Mzee wa Kirumba, Nottingham

Marahaba mwanangu. Hoja yako nzito na sitajifanya nina jibu safi. Baba yangu angenicheka. Ninachokuambia ni kwamba maji haya ni madogo na watu ni wengi. Tukila sote, kufikia Agosti hakuna kitu.

Lakini njia ya kula ipo. Nendeni Rutland Water, bwawa kubwa la Anglian Water, mashariki ya Leicester. Pale hupandikizwa trauti na tiketi inakueleza unaruhusiwa kwenda nao wangapi nyumbani. Huvuliwa kwa nzi wa bandia tu, kwa hiyo lazima ujifunze kurusha, na kwa mwezi huu trauti wamekimbilia kina kirefu mchana, wanapanda jioni. Mabwawa madogo ya trauti yapo pia, na mengine yakipata moto hukataza kurudisha, yaani kila uliyemvua ni wako. Trauti hastahimili joto, akirudishwa atakufa tu. Hapo Mama utaridhika.

Au mwende baharini. Baharini huna haja ya leseni ya fimbo, na kiangazi makreli hupita karibu na gati nyingi za pwani. Ni jamaa wa vibua. Mkaange vilevile kwa ndimu na pilipili.

Kutoka: Kijana wa Glasgow

Wakubwa, nyongeza ndogo kwa walio Scotland: huku ile leseni ya England haihitajiki, isipokuwa bonde la mto Border Esk, mpakani na England. Lakini ruhusa ya mwenye maji inahitajika vilevile, na kwa samoni wanakuwa wakali kweli. Msidanganyike kwamba ni bure.

Kutoka: Nesi wa Derby

Hamjambo. Mimi sivui, naogopa hata mbu wa Kiingereza, lakini nina machache.

Mkojo wa panya majini huleta leptospirosisi. Inaanza na homa, kichwa, misuli kuuma. Funika mikwaruzo kwa plasta isiyopitisha maji, nawa kabla ya kula ule mkate uliokuwa karibu na funza. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kushinda mtoni, mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye maji. Na kwa sisi wa nyumbani, kama pia umetoka likizo Afrika, mwambie na hilo, asikimbilie mafua. Malaria na hii huanza kwa kufanana, na zote mbili hazingoji.

Mwani wa rangi ya bluu na kijani ukitanda kama rangi iliyomwagika, watoto wasiingize mikono na mbwa asinywe. Kuna pia mmea mrefu wa kingoni mwa mito, maua meupe kama mwavuli, unaitwa giant hogweed. Utomvu wake ukikugusa kisha ukapigwa jua, ngozi inaungua hadi malengelenge. Osha kwa sabuni mara moja na ufunike sehemu hiyo jua lisiifikie.

Kutoka: Mzee wa Kirumba, Nottingham

Ahsante Dada Nesi, niliyasahau hayo. Niongeze la umeme: fimbo za siku hizi ni za karboni, na karboni inapitisha umeme. Kaeni angalau mita 30 kutoka nyaya za juu, na radi ikianza laza fimbo chini, ondokeni. Jioni za joto hapa huishia kwa radi.

Kutoka: Baba Wawili, Leicester

Shikamoo Mzee, na ahsanteni wote. Leseni nimeshachukua, yangu ya miezi 12 na ya kijana. Nimepita dukani kama ulivyosema, na yule bwana amenielekeza kipande cha mfereji chenye kivuli, tiketi ananiuzia yeye. Amenitajia pia siku za Let's Fish za Canal & River Trust, mtoto anafundishwa bure na fimbo wanampa wao. Nimewaandikisha wote wawili.

Swali la mwisho. Funza nimenunua leo, tunatoka Jumamosi. Muuzaji anasema niwaweke kwenye friji, wakikaa kwenye joto watageuka kuwa nzi. Mama watoto amesema friji ile ile yenye maziwa, hapana. Wenzangu mlifanyaje?

Kutoka: Mama wa Coventry

Mwambie mkeo nimemuunga mkono. Songa ugali.