Nimekataliwa hoteli Jaisalmer, India, kwa ajili ya Fomu C: naomba msaada

Mwanafunzi wa Pune:
Ndugu wanajumuiya, salaam. Nimeshuka Jaisalmer leo saa kumi na moja alfajiri kwa treni ya usiku kutoka Jodhpur, baridi ya Januari ikinipenya mifupani, na mwenye nyumba ya wageni niliyokwisha kuilipia amenirudishia pasipoti kabla sijakaa. Anasema viza yangu imeisha, kwa hiyo hawezi kunijazia Fomu C, ile taarifa ya wageni wa kigeni. Nimemweleza kwamba ombi la kuongezewa muda nililiwasilisha kwenye e-FRRO, mfumo wa mtandaoni wa ofisi ya kuandikisha wageni, kabla viza haijaisha, nikamwonyesha na stakabadhi, lakini ameitazama kama tiketi ya daladala ya jana. Je, stakabadhi hiyo inatosha kwa Fomu C, au nirudi Pune?

Kaka wa Jaipur:
Pole sana, mdogo wangu. Kwanza tuelewane kwamba Fomu C si kibali chako. Ni taarifa ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuipeleka ndani ya saa 24 tangu mgeni afike, na asipoipeleka mkosaji ni yeye, ndiyo maana wenye nyumba ndogo huona heri wakupoteze wewe kuliko kujitia matatani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimejiandikisha ndani ya siku 14 kama inavyotakiwa, RC (cheti cha kujiandikisha) mkononi, na bado nikalala stesheni, kwa sababu mpokeaji aliitafuta Tanzania kwenye herufi Z. Jaribu nyumba zilizo nje ya ile ngome ya kale ya mji. Ndani usilale hata ukikaribishwa.

Dada wa Delhi:
Kaka, hilo la kutolala ndani ya ngome umelitoa wapi? Uzuri wa Jaisalmer ni kwamba ngome yake ina wakazi, wenye maduka, mahekalu ya Kijaini na kamba za kuanikia nguo, si kama ngome nyingine ambazo unalipa kiingilio ukaangalie vyumba vitupu. Mimi nililala humo siku tatu na Fomu C yangu ikajazwa bila neno.

Kaka wa Jaipur:
Sikusema ni marufuku, dada; nimesema asilale. Ngome hiyo ilianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal kwa watu waliochota maji kwa ndoo na kuyatumia kwa kipimo. Leo mabomba yanapandisha maji mengi, na yanayovuja yanaingia katika kilima cha Trikuta ambacho ndicho msingi wake, kiasi kwamba baadhi ya minara yake 99 imekwisha kuporomoka. Kila mgeni anayeoga humo anaongeza maji hayo. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013, lakini orodha haizibi bomba.

Mama Unguja, Ahmedabad:
Wanangu, mnabishana na mtoto yuko barabarani. Mimi niko huku kwa viza ya matibabu, na tulipokwenda Jaisalmer baada ya daktari kuniruhusu, hoteli ilidai barua ya hospitali, nikaitoa, yakaisha. Tatizo letu lilikuwa kwingine: dereva alitaka kutupeleka mpaka hekalu la Tanot, karibu na mpaka wa Pakistani, askari wakaturudisha kwa sababu mgeni hafiki huko bila kibali. Mwanangu, matuta ya mchanga ya Sam yanakutosha, ni kilomita 40 hivi. Lakini kilichoniliza ni vichochoro vya ngome, vyembamba vile vile kama vya kwetu Mji Mkongwe, na baraza za mawe nje ya milango. Nilikaa juu ya moja nikingoja mtu apite na deli la kahawa, akapita ng'ombe.

Mzee wa Mumbai:
Mama Unguja hajaota. Wabhatia, wafanyabiashara wa Kachchh huko Gujarat, husimulia kwamba asili yao ni Bhati, ukoo wa watawala wa Jaisalmer, na ni katika Wabhatia hao alimotoka Jairam Shivji, aliyekodishwa forodha ya Unguja zama za Sayyid Said. Misafara ya ngamia ilitajirisha Jaisalmer mpaka bandari ya Bombay ilipoivuta biashara, kisha mwaka 1947 mpaka wa India na Pakistani ukafunga njia ya Sindh. Sisi pwani tunajua bandari inavyokufa. Na aliyeniandikia faraghani kwamba Jaisalmer ndio mji wa buluu, arudi shule: wa buluu ni Jodhpur, huu ni wa mawe ya manjano.

Mwanafunzi wa Pune:
Shikamooni wazee wangu. Nimekataliwa nyumba tatu zaidi, mbili kati yake nje ya ngome. Sasa nimekaa kwenye ngazi za ziwa Gadisar, na muuza chai amenihifadhia begi bila kuniuliza viza. Jioni nitapanda treni ya kurudi Jodhpur nisipopata jibu. Naomba tena: kuna yeyote aliyewahi kujaziwa Fomu C kwa stakabadhi ya e-FRRO pekee?

Mzee wa Mumbai:
Marahaba, mwanangu. Maadamu unayo mpaka jioni, pita Patwon ki Haveli, yale majumba matano ya wafanyabiashara, uniangalizie kama milango yake ina misumari ya shaba kama ya Shangani. Mimi magoti hayanifikishi tena huko.