Kupanda Ngosi mwezi wa saba: njia ikoje, na haya ya nyoka na mali ya Wajerumani?

BintiMlima:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na wadogo zangu wawili tunataka kupanda Ziwa Ngosi mwezi wa saba, tukitokea Mbeya mjini. Mama mkubwa, mwenyeji wa Tukuyu, kasikia kashtuka. Anasema ziwa lile halichezewi: lina nyoka anayelilinda, Wajerumani walizamisha mali zao humo, na maji yanabadilika rangi. Sitaki kumdharau, na sitaki kwenda kichwakichwa. Wanaoijua njia wanisaidie. Na je, mtu anaweza kushuka hadi majini?

Dereva_Kyela:
Panda gari la Tukuyu au Kyela, shuka Isongole. Kibao cha Ngosi kiko mkono wa kulia ukitokea Mbeya. Hapo hadi mguu wa mlima ni kama kilomita 6 au 7. Bodaboda zipo, ila elewaneni bei kabla hamjapanda. Ya nyoka nawaachia wenyeji.

MjukuuWaIsongole:
Dada, karibu sana kwetu. Mlima huo nimeanza kuupanda nikiwa mdogo, nikiwafuata kaka zangu, na hadi leo nikirudi nyumbani lazima nipande.

Mwezi wa saba umechagua vizuri, mvua kubwa za masika zinakuwa zimepita. Lakini ndani ya msitu ardhi haikauki. Mnaanza kwenye mashamba ya viazi, kisha miti inafunga juu yenu na kunakuwa na giza mchana. Kuna mianzi, na migomba-mwitu yenye majani mapana kuliko mlango. Mbega mtawasikia kabla ya kuwaona. Mwambie mdogo wako mwenye macho makali aangalie matawi ya usawa wa kifua: kuna kinyonga wa milima hii ya Poroto, dume lake lina pembe tatu usoni. Msimguse, mtazameni tu anavyozungusha jicho moja mbele na jingine nyuma.

Kipande cha mwisho ni kikali, mnashika mizizi. Halafu mlima unaisha ghafla na ziwa liko chini yenu, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Rangi kweli inabadilika: wingu likipita maji ni ya kijivu, jua likitoka ni kijani kibichi.

Sasa ya mama mkubwa. Kuhusu mali, historia inajulikana: Wajerumani walikuwa na boma Tukuyu, wenyewe wakipaita Neu-Langenburg, na mwaka 1916 Waingereza waliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), na Wajerumani wakaondoka. Wazee wanasema ndipo walipoficha mali. Mimi siamini. Ukifika pale juu jiulize nani angebeba masanduku mazito kwenye mteremko ule huku adui yuko nyuma yake.

Ya nyoka siyachukulii hivyo. Bibi yangu alitukataza kurusha mawe ziwani, kupiga kelele ukingoni na kukaa kule chini jioni, na mpaka leo nayafuata yote. Ngosi ni volkano. Mlipuko wake wa mwisho unaojulikana unakadiriwa kuwa karibu mwaka 1450, na kwa umri wa mlima hiyo ni juzi tu. Ardhi ya Rungwe inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kule Kyejo inavunwa na kupelekwa hadi viwanda vya soda. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na siku isiyo na upepo hutulia kwenye mashimo na mabonde. Mtu akiingia humo anaweza kuzimia bila kuona kilichompata. Mwambie mama mkubwa kwamba makatazo yake mtayashika, kwa sababu yanalinda watu.

BintiMlima:
Asante sana kaka, nimemsomea mama mkubwa na amefurahi. Kasema bibi yako alikuwa na akili. Kwa hiyo kushuka tusishuke?

MjukuuWaIsongole:
Mfikishie salamu zangu, shikamoo yake. Njia ya kushuka ipo, lakini ni mteremko mkali mno na udongo unateleza hata kiangazi. Kwa mara ya kwanza, tena na wadogo, ningeishia ukingoni. Ziwa zima linaonekana kutoka pale, hamtakosa kitu. Kama bado mnataka kushuka, mwongozaji wa kijijini awatangulie, na akisema leo hapana, msibishane naye. Msiwashe moto kule chini wala kulala.

Mwongozaji mchukueni hata kama hamshuki. Msitu ule ni hifadhi, njia za wakata mianzi zinajigawa, na ukungu ukishuka mtu haoni hatua kumi mbele.

Dereva_Kyela:
Naongezea: ondokeni Mbeya alfajiri. Mchana wingu hukaa juu ya ziwa, mnaweza kufika mkaona weupe mtupu.

MjukuuWaIsongole:
Kweli kabisa. Na sweta, dada. Pale juu ni zaidi ya mita 2,600, na mwezi wa saba upepo wake unauma. Viatu viwe vya soli yenye meno, raba za mjini mziache nyumbani.

BintiMlima:
Sweta tatu, alfajiri, mwongozaji. Tarehe ikikaribia nitauliza tena hapa kuhusu hali ya barabara.