Naomba ushauri: mama anasubiri kupasuliwa jicho, sukari inagoma kushuka

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 63, sukari anayo mwaka wa tisa sasa. Wiki iliyopita alienda kutolewa mtoto wa jicho, hajala kitu tangu usiku, kipimo kikasoma 16.8. Akarudishwa nyumbani. Daktari anataka iwe chini ya 10, katupa wiki tatu.

Sembe tumeiacha, anakula ugali wa dona saizi ya ngumi yake na mchicha wa kutosha. Chai bila sukari anakunywa huku kanuna. (Juzi nimemfuma na maandazi mawili chini ya kanga, eti ya mjukuu.) Asubuhi inasoma 11 mpaka 13.

Sasa jirani kamshawishi afunge siku tatu kwa maji matupu. Anatumia dawa mbili za sukari, metformini na glibenklamidi, na hiyo ya pili inashusha sukari hata asipokula. Ramadhani iliyopita alifika 3.1, anatetemeka, jasho kama kamwagiwa ndoo. Nimemkatalia, ila hanisikii.

Kliniki ni Alhamisi. Waliopitia hili, dawa mlibadilishiwa vipi kabla ya upasuaji? Na usiku mgonjwa wenu alikula nini?