Nyie mnaouza promti za kuandika risechi, hela za watoto wa watu mtazitapika

Wakuu habari zenu, leo sina salamu ndefu. Mimi nina steshenari jirani na chuo kimoja, nachapa, naprinti, nafunga vitabu, na msimu huu wa risechi nimechoka kabisa na hawa jamaa wa magrupu ya WhatsApp wanaouza "promti 100 za kumaliza risechi ndani ya siku tatu", yaani maelekezo ya kuipa AI kama ChatGPT ikuandikie, kwa elfu kumi na tano. Elfu kumi na tano ya bumu!! Ukifungua hiyo pdf ni sentensi ileile imebadilishwa nguo ukurasa baada ya ukurasa: jifanye wewe ni profesa mwenye uzoefu wa miaka 20, niandikie sura ya kwanza kuhusu weka-mada-yako-hapa. Haya, mashine ikishajifanya profesa ndo data inatoa wapi? Imeongea na nani?

Juzi kaja binti macho mekundu, mada yake ni mikopo ya vikoba kwa wauza mboga wa soko moja la mtaani, sura ya tatu inasema sampuli ni watu 384. Soko lenyewe nalijua, nanunua nyanya pale, hata meza 80 sidhani kama zinafika. Waliosoma watajua hiyo 384 ni ya lile jedwali la kupangia ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970, kwa eneo lenye watu milioni moja, imekopiwa kwenye risechi nyingi mno ndo maana mashine inaitema tu bila kuuliza soko lina watu wangapi. Supavaiza kaizungushia wino mwekundu kaandika pembeni "hawa umewatoa wapi?"

Hapo bado marejeo. Nikakaa nae tukatafuta moja moja, jarida lipo, mwandishi yupo, namba ya toleo ipo, makala yenyewe haipo popote duniani! Nyingine ukibonyeza DOI, ile linki ya kudumu ya makala, inakupeleka kwenye mambo ya samaki. Na msiseme ni uzembe wa wanafunzi wetu, 2023 kule New York mawakili kwenye kesi ya shirika la ndege la Avianca walipeleka kwa jaji kesi zilizotungwa na ChatGPT wakalimwa faini ya dola 5,000. Watu wazima, wana leseni. Sasa mtoto wa mwaka wa tatu ambae hajawahi kuandika risechi maishani atajuaje?

Kinachonichefua zaidi, ukishashikwa muuzaji huyohuyo anakuuzia dawa ya pili, promti ya kufanya maandishi yaonekane kaandika binadamu ili Turnitin, ile programu ya vyuo ya kukagua kazi za kukopi, isikukamate, maana tangu Aprili 2023 nayo inasaka maandishi ya AI. Yule binti akalipa tena. Alicholetewa nimekisoma mwenyewe nikashika kichwa, "sampuli nasibu" kwa Kiingereza imegeuka "mfano wa ajali", mikopo midogo imekuwa "madeni mafupi". Hiyo ndo akatetee mbele ya jopo?

Na sio kwamba naichukia AI jamani, mimi naitumia kila siku. Mpe dodoso lako mwambie akuonyeshe maswali yanayouliza mambo mawili kwa mpigo, au mpe aya uliyoandika mwenyewe arekebishe Kiingereza bila kuongeza kitu, anasaidia kweli. Lakini hiyo promti ni mstari mmoja na ni bure, unaiandika mwenyewe kutokana na kazi uliyoifanya sokoni, haina haja ya kununua pdf ya mtu ambae ukimuuliza tofauti ya dodoso na mahojiano ya ana kwa ana anakutumia emoji ya moto.

Binti kaomba arudishiwe hela, kapigwa bloku na kutolewa kwenye grupu. Kuna yeyote humu aliyewahi kurudishiwa na hawa watu, alipitia wapi? Maana nasikia jamaa kashafungua grupu lingine la wanafunzi wa masta, na huko kiingilio ni elfu arobaini.