Ofisi ya viti 12 Kirumba: kompyuta za kawaida au thini klaienti?

DagaaMkavu:
Wakuu, heshima kwenu. Tunauza vipuri vya injini za boti kwa jumla, jirani na soko la Mwaloni, Mwanza. Kaunta, stoo na uhasibu, viti 12. Kompyuta zetu za mtumba zimechoka, na Microsoft ilishaacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 2025. Bosi anataka mtumba tena. Kuna kijana anatushawishi tuweke seva moja (kompyuta kubwa inayofanya kazi yote) na vile vikompyuta visivyo na diski, ndizo thini klaienti, eti umeme utashuka sana. Kazi zetu ni mfumo wa mauzo, Excel na barua pepe. Inalipa kweli?

FundiNyakato:
Mkuu, piga hesabu ya umeme kwanza, hapo ndipo watu wanapopigwa. Chukulia CPU ya kawaida inakula wati 80, kithini klaienti wati 10. Kwa viti 12 unaokoa wati 840. Saa 9 kwa siku, siku 26, ni kama uniti 195. LUKU ya elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo elfu 70. Toa seva ya wati 200, unabaki na elfu 50 na kidogo kwa mwezi. Hela ya chai ya ofisi hiyo.
Faida iko kwenye matengenezo. Vingi havina feni, vumbi haliviui mapema. Programu unaiweka mara moja tu, kwenye seva. Kimoja kikifa unachomeka kingine, mtu anaendelea alipoishia.

MamaRisiti:
Kijana kawaambia habari za leseni? Ukienda na Windows, seva ina leseni yake, kila mtumiaji au kifaa kinalipiwa kuingia, halafu Remote Desktop, yaani kufungua Windows ya seva kutoka kwenye kiti chako, nayo inalipiwa juu yake. Profoma isiyo na mistari hiyo irudishe. LTSP, mfumo wa Linux wa kuendesha vikompyuta hivyo kutoka seva moja, ni bure, ila Excel yenyewe humo hamna, mtatumia LibreOffice.
Halafu seva ikilala, viti vyote 12 vimelala, na wateja wamepanga foleni kaunta. Weka UPS ya maana na seva ya akiba.

Kamba_Nyuzi:
Na wale wa YouTube kazini waage mapema, video zitakwama kwama humo 😂

DagaaMkavu:
Ahsanteni. Mfumo wetu unafunguka kwenye kivinjari.

FundiNyakato:
Ungesema mapema! Kivinjari kinafunguka kwenye kompyuta yoyote, basi seva ya nini? Mimi ningetafuta zile kompyuta ndogo za mtumba, mfano ThinkCentre Tiny. Umeme zinakula kidogo kuliko CPU kubwa, na moja ikifa, 11 zinaendelea. Ila Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Muuzaji akikwambia "i5" tu, muulize kizazi gani, kisha uiwashe ujionee mwenyewe kabla ya kulipa.

MamaRisiti:
Naunga mkono. Mkija kufika viti 40 ndipo mumwite tena yule kijana.