Nataka kuweka gesi kwenye IST, injini itadumu? Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mzee_wa_Tripu
Wakuu, habari za usiku. Tangu juzi sipati usingizi.

Naendesha IST, ile ya zamani, injini ya 1.3. Napiga tripu za mtandaoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Nakaa Mbagala ila kazi iko Posta, Masaki na Uwanja wa Ndege. Kwa siku natembea kama kilomita 150 na naweka petroli lita 15. Zidisha kwa 2,900 halafu niambie nabaki na nini. Ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei, mimi natafuta pa kushika.

Wenzangu wa gesi wananunua kilo kwa 1,550 na wanatembea nayo kilomita 15 au zaidi. Wanacheka tu. Nilikwenda karakana moja yenye kibali wakaniambia 1,800,000. Kuna fundi wa huku kwetu ananifungia kwa 750,000, vifaa vyote vipya kasoro mtungi.

Swali langu ni moja: gesi inaua injini au ni maneno ya watu? Na mlima wa Kimara itapanda nikiwa na abiria wanne? Fundi anataka jibu Jumamosi. Matusi hapana.

Kipisi cha Muwa
Mlima wa Kimara utapanda. Abiria wanne ndio watashuka wasukume.

Fundi Spana 14
Nikujibu ulichouliza. Gesi haiui injini, uzembe ndio unaua. Gesi inaungua kavu, haina ule ulaini wa petroli, kwa hiyo valvu zinakula viti vyake taratibu. Injini za NZ, hizi za IST, hazina tapeti za mafuta zinazojirekebisha zenyewe, kwa hiyo nafasi ya valvu inabidi ipimwe kwa mkono. Watu wengi hawapimi mpaka gari ianze kukosa nguvu asubuhi. Plagi ziwe nzima na koili ziwe nzima, maana gesi inataka cheche kali kuliko petroli. Nguvu itapungua kidogo, utaisikia mlimani. Gari itawaka kwa petroli kwanza, maji ya rejeta yakipata moto ndipo inahamia kwenye gesi, kwa hiyo usikae na tenki kavu ukadhani umemaliza, pampu itakufa.

Sasa na mimi nikuulize. Umesema vifaa vyote kasoro mtungi. Mtungi unatoka wapi?

Baba Tumaini
Gesi ya nini mkuu, dunia iko kwenye umeme. Ethiopia tangu 2024 wamezuia magari ya mafuta kuingia nchini kwao. Mimi niliagiza Nissan Leaf kutoka Japani, ile ya betri ya kilowati-saa 24. Kimya mpaka mbwa wa mtaani hawaisikii ikipita. Naichaji nyumbani, uniti za 10,000 zinanisukuma siku tatu.

Nisiwe mnafiki lakini, kero zipo. Nilikuwa napanga chumba na sebule, Luku moja wapangaji watano. Mwezi wa kwanza wakadhani mama Husna anapika kwa umeme. Wa pili wakamtuhumu kijana wa friji. Wa tatu mwenye nyumba akakuta waya unatoka dirishani kwangu mpaka kwenye gari. Kikao kilichukua saa nne! Nikahama. Na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, joto letu hili linaitafuna. Ilikuja na vistari kumi na moja, sasa vimebaki nane. Ila sijutii.

Dada wa Gongo la Mboto
Baba Tumaini, kaka wa watu kauliza gesi. Wewe umetuletea kesi ya Luku.

Ustaadh Subira
Vijana mnapenda njia za mkato. Leo gesi, kesho umeme, keshokutwa utasikia gari inatumia maji ya kisima. Anayeweka gesi anapanga foleni mpaka anasinzia kwenye usukani. Saa mbili za foleni ungepiga tripu ngapi? Ridhika na riziki yako, petroli iliwalea baba zenu.

Mchaga Asiye na Duka
Ustaadh, gesi hii ni yetu, imegunduliwa Songosongo 1974 na inafika Dar tangu 2004. Kwa nini nisiitumie? Foleni ipo ila si kama zamani, vituo vimeongezeka. Mimi naweka saa tisa usiku, nalala mapema. Siku hizi hata mke wangu anadhani nina mchepuko.

Nati Legevu
Mimi nimeshtukia hesabu ya mafuta. Lita 15 kwa kilomita 150 ni kilomita 10 kwa lita. IST ya 1.3 haili hivyo hata kwenye foleni ya Mwenge, inapaswa ikupe 13 au 14. Kabla ya gesi fungua throto, ule mlango wa hewa ya injini, uisafishe, kazi ya nusu saa na kopo moja la dawa, safisha na sensa ya hewa, angalia oksijeni sensa. Mimi yangu niliifanyia nyumbani kwa spana mbili na mswaki wa mtoto. Mtoto alilia, gari ikatulia.

Mzee_wa_Tripu
Asanteni sana wakuu, Fundi Spana umenitoa hofu. Nati Legevu, throto nimesafisha mwezi uliopita, plagi mpya, ulaji ni uleule, ndiyo maana naona dawa ni gesi. Kwa hiyo nikipima valvu naweza kuendelea, siyo? Nimejibu wote nadhani.

Fundi Spana 14
Hujanijibu mimi. Mtungi unatoka wapi?

Mzee_wa_Tripu
Mtungi ninao.

Dada wa Gongo la Mboto
Unao wapi?

Mzee_wa_Tripu
Chumbani, chini ya kitanda. Kuna jamaa kaniuzia 300,000. Ni mzima kabisa, umepakwa rangi mpya ya fedha. Fundi kaujaza upepo kwa kompresa ya matairi, akaupaka povu la sabuni, haukutoa hata kipovu kimoja.

Kipisi cha Muwa
Shemeji yetu analala juu ya kombora halafu wewe ndiye unayekosa usingizi?

Fundi Spana 14
Mkuu, nisikilize vizuri. Tairi lako lina psi 32. Kompresa ya mtaani ikijitahidi sana inafika 120. Mtungi wa gesi ya magari ukijaa ni baa 200, yaani karibu psi 2,900. Kuupima kwa kompresa ya matairi ni sawa na kupima kamba ya kuvutia lori kwa kuning'iniza taulo.

Mtungi unapimwa kwa maji, kwa presha kubwa kuliko ile ya kazi, kwenye mashine maalumu. Shingoni unapigwa muhuri wa chuma: namba yake, uzito, ujazo, presha ya kazi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na tarehe ya kupimwa. Nenda chini ya kitanda sasa hivi utusomee shingo.

Mzee_wa_Tripu
Nimeangalia. Kuna sehemu imepigwa jiwe la kusagia, halafu rangi juu yake. Inasomeka "200" na herufi mbili tatu. Jamaa alinieleza mapema kwamba ulitoka kwenye gari iliyopata ajali maeneo ya Chalinze, wakasaga kutoa kutu tu. Sasa jamani, chuma ni chuma, gari ndiyo iliyoumia, mtungi haukuguswa. Na watu wangapi wanatumia vya mtumba? IST yenyewe si mtumba?

Mchaga Asiye na Duka
Shati la mtumba likichanika unaona aibu. Huo ukichanika tunakuokota kwa koleo.

Nati Legevu
Tupige hesabu kwa utulivu. Petroli 43,500 kwa siku, gesi kilo kumi 15,500, unaokoa 28,000. Karakana ya 1,800,000 inarudisha pesa yake ndani ya siku 65. Njia yako ya 1,050,000 inarudisha ndani ya siku 38. Tofauti ni siku 27. Unaweka abiria wanne juu ya mtungi uliosagwa namba kwa ajili ya siku 27?

Ustaadh Subira
Nilisema nini mimi kuhusu njia za mkato?

Mzee_wa_Tripu
Hesabu ni nzuri ukiwa na hiyo 1,800,000. Mimi sina. Na fundi nimeshampa 400,000 ya kianzio, kanunua regyuleta ya gesi na injekta, hela hairudi. Alishainyanyua gari kupima pa kufunga mabano, akasema chini difu ya nyuma inabana nafasi, mtungi utakaa ndani ya buti tu. Mnanihukumu kama vile nimeua.

Dada wa Gongo la Mboto
Kumbe! Hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta wa kukushika mkono. Na hiyo karakana yenye kibali ilitaka kadi ya gari, siyo? Gari ni yako?

Mzee_wa_Tripu
Ni ya mkataba. Imebaki miezi mitano iwe yangu, kwa hiyo ni yangu tu.

Dada wa Gongo la Mboto
Bosi anajua habari za gesi?

Mzee_wa_Tripu
Atajua ikishakuwa yangu.

Salum Chumvi
Hebu nisimamisheni hapa. Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Huyu kasema IST injini ya 1.3, sivyo? Halafu kasema difu ya nyuma inabana nafasi. IST ya 1.3 inavuta kwa mbele tu, haina difu ya nyuma ya kuzungusha matairi wala haijawahi kuwa nayo. Yenye difu nyuma ni ile ya chesesi NCP65, na hiyo ni 1.5. Wakuu, tumekaa hapa saa mbili tunanywa chai. Leteni chapati.

Kipisi cha Muwa
Chai ya tangawizi kabisa. Nilijua tangu kwenye mswaki wa mtoto.

Nati Legevu
Mswaki ni wa kwangu, usinichanganye na waongo.

Mchaga Asiye na Duka
Mimi nahisi ni mtu wa karakana, anatutisha na mitungi ya mtaani tukimbilie kwake. Subirini, ataweka namba ya simu.

Baba Tumaini
Au muuza mitungi. Gari ya umeme haina maneno haya.

Mzee_wa_Tripu
Sina karakana wala siuzi mtungi. Mimi nimeambiwa ni 1.3, kwenye kadi ni 1.3, na hiyo difu nimeambiwa na fundi. Mimi ni dereva, nitajuaje mambo ya chini ya gari? Mkitaka picha ya mtungi nitaweka. Niliwaamini ndiyo maana nikaja.

Salum Chumvi
Picha ya mtungi hata mimi naweza kupiga. Weka picha ya difu.

Fundi Spana 14
Salum, acha kwanza, kuna kitu hakijakaa sawa. Gari inayokula lita moja kwa kilomita 10 ikiwa na throto safi na plagi mpya, hiyo ni tabia ya 1.5 inayovuta kwa nyuma na mbele. Mtu anayetunga hawezi kutunga ulaji wa mafuta unaolingana na difu halafu akakosea ukubwa wa injini. Mzee wa Tripu, chukua tochi, fungua boneti. Kwenye ukuta wa injini kuna kibati. Tusomee herufi za mwanzo za chesesi, usiweke namba yote hapa. Halafu fungua kadi.

Mzee_wa_Tripu
Natoka nje.

Kipisi cha Muwa
Asipite karibu na kitanda na kiberiti.

Mzee_wa_Tripu
Nimerudi. Kwenye kibati ni NCP65. Kadi yenyewe anayo bosi, mimi nina picha aliyonitumia siku ya kuandikishana. Hapo ni NCP60, cc 1290.

Fundi Spana 14
Na namba zinazofuata?

Mzee_wa_Tripu
Hazifanani hata moja.

Salum Chumvi
Mkuu, nimekuita muongo. Nifutie.

Dada wa Gongo la Mboto
Umemlipa miezi mingapi mpaka sasa?

Mzee_wa_Tripu
Kumi na tisa.

Nati Legevu
Inawezekana katuma picha ya kadi ya gari nyingine kwa bahati mbaya. Kama anazo tatu nne, inatokea.

Mchaga Asiye na Duka
Inatokea, ndiyo. Na wengine inawatokea kila baada ya miezi kumi na tisa.

Fundi Spana 14
Usimpigie usiku huu kwa hasira. Kesho mwambie unataka kuona kadi halisi kwa sababu ya bima, usitaje gesi, usitaje kibati. Kisha ipeleke namba ya gari TRA wakuangalizie imesajiliwa kwa chesesi ipi. Na hela ya mwezi huu usiitume mpaka uijue kadi. Fundi wako mpigie sasa hivi, mwambie Jumamosi hakuna kazi.

Mzee_wa_Tripu
Sawa kaka. Mikono inatetemeka hapa. Hela ya mwezi huu niliituma jana.

Na mtungi je? Mke wangu kasoma uzi wote begani kwangu, anauliza nani analala chumbani leo, yeye au mtungi.